Jezi Namba Mbili

Jumapili, 31 Mei

Tumeingia fainali! Sauti imenikauka, mikono inanuka sabuni, na bado nacheka peke yangu jikoni. Castelnave! Kanisa moja, duka moja la mikate, ng'ombe wengi kuliko wapiga kura — na Jumamosi tunacheza fainali ya raga ya daraja la pili kule Toulouse. Tukishinda, msimu ujao tuko na wakubwa. Mara ya mwisho tulipokuwa huko nilikuwa na nywele nyeusi.

Mwanangu Peyo hakuingia. Mbavu zimepona, daktari kathibitisha, lakini kocha alimwacha Zviad uwanjani dakika zote themanini. Na Zviad alicheza kama shetani, siwezi kusema uongo. Nimempigia makofi huku nimeuma meno. Miaka kumi na tatu namba mbili ni ya mwanangu. Yeye ndiye wa katikati kwenye skramu, wanapoinamisha vichwa na kusukumana, yeye ndiye anayerusha mpira ukitoka pembeni. Ana miaka thelathini na mitano, na ameshasema hadharani: baada ya fainali, basi, hachezi tena. Halafu zikavunjika mbavu mbili mwezi wa nne, na huyu kijana wa Georgia akaingia mahali pake.

Tena analala chumba cha zamani cha Peyo! Klabu ndiyo iliyomleta kwangu Septemba, akiwa hajui hata kusema mkate. Mimi ndiye niliyemnenepesha.

Jumanne, 2 Juni

Mashine mbili zimefua tangu asubuhi. Madoa ya majani ya nusu fainali hayatoki kwenye kaptura nyeupe, nimesugua kwa mkono. Miaka ishirini na miwili nafua nguo za wanaume hawa. Nikifa wanizike na pipa la sabuni.

Nimepita kwa Roquebert kuchukua mikate. Amepaka duka zima rangi ya klabu, bluu na njano, mpaka mbwa wake amevishwa skafu. Akaniuliza mbele ya foleni, eti Maïté, kikulacho ki nguoni mwako, sivyo? Umemlisha Zviad nyama ya bata mwaka mzima, sasa anakula jezi ya mwanao. Foleni ikacheka.

Nikamwambia bora mimi nimelisha mtu akawa bingwa, yeye kalisha mji mzima mkate mgumu na hakuna aliyefika popote. Wakacheka zaidi. Lakini njiani maneno yake yalinichoma.

Jumatano, 3 Juni

Jioni Peyo alikuja kula. Kabla ya kula akamtoa Zviad uani na mfuko wa mipira. Saa nzima! Anamsimamisha, anamrekebisha kiwiko, anamwambia apumue kwanza ndipo arushe. Zviad analenga tundu la juu kwenye mlango wa ghala. Kumi, akakosa saba. Kumi nyingine, akakosa tatu.

Nilikuwa dirishani namenya vitunguu. Nikamwita Peyo pembeni, nikamwuliza: we mtoto, una akili? Unamnolea mwenzio kisu?

Akasema: "Mama, akikosa kurusha Jumamosi tunashindwa sote. Hiyo ndiyo unayoitaka?"

Nilirudi kwenye vitunguu. Baba yake alikuwa hivyohivyo, hana hata chembe ya choyo, na mimi niliolewa kwa sababu hiyo. Wamemaliza sufuria nzima ya supu ya kabichi na bata, wakaanza kutaniana nani ana masikio mabaya zaidi. Wote wanayo mabaya.

Alhamisi, 4 Juni

Kocha Dutilh amenipa orodha saa nne. Kila mechi ni hivyo, mimi naijua kabla ya wachezaji, maana ndiye nipangaye jezi. Nimeapa miaka yote kutosema na sijawahi kusema.

Namba mbili: Zviad. Namba kumi na sita, benchi: Peyo.

Dutilh hakuondoka. Akasimama pale mlangoni anakuna kichwa. Kasema, dada Maïté, nisikufiche, Zviad atacheza dakika zote kama wiki iliyopita, Peyo ni wa dharura tu. Skramu ya wapinzani, Montrebel, ni nzito, nahitaji uzito. Nikamwambia kocha ni wewe, mimi ni wa pasi na sabuni. Akaenda. Namheshimu, kaja kuniambia usoni.

Nikapiga pasi namba mbili. Nikaipiga vizuri kuliko nyingine zote, kwa hasira, mpaka kola ikasimama.

Kisha jioni — wote wawili mezani! Peyo hajui. Zviad hajui. Wanabishana juu ya jibini. Nikapakua, nikakaa, nikala cheri bakuli zima ili mdomo uwe na kazi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Leo nimeujua hadi kwenye kisigino.

Ijumaa, 5 Juni. Toulouse, hotelini

Orodha ilisomwa asubuhi. Peyo akaja moja kwa moja kwenye masanduku yangu. "Ulijua tangu jana?" Nilijua. "Na ukanipa supu kana kwamba hakuna kitu!" Akanikumbatia, akacheka. Lakini aliniachia bega likiwa limelowa, na mimi nikajifanya ni jasho.

Halafu la pili. Desturi yetu, siku moja kabla ya fainali jezi hukabidhiwa na mtu mmoja aliyechaguliwa na wachezaji wenyewe. Wengine huleta mchezaji wa zamani, jenerali, sijui nani. Wachezaji wetu wamenichagua mimi! Mfuaji! Nahodha kasimama kasema hakuna aliyezishika jezi hizi muda mrefu kama Mama Maïté. Nikasema hapana, nina viatu vya kazi. Wakapiga meza mpaka nikakubali.

Basi saa kumi na mbili, kabla ya chakula, watu ishirini na watatu wamekaa kimya kama kanisani. Naita jina, nampa jezi, namwambia neno moja. Namba moja nilimwambia akate kucha. Walicheka, nami nikapata pumzi.

Namba mbili. Zviad akaja ameinamisha kichwa, hataki kunitazama. Nikamshika kidevu nikakiinua. Nikasema mbele ya wote: "Kwetu mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hili hapa jembe lako, mwanangu. Kalime." Dubu lile likalia! Kilo mia na kumi na tano, linalia begani kwangu.

Nikafika kumi na sita. Nikampa tu Peyo jezi, mikono yetu ikashikana juu yake. Na chumba kizima kikasimama. Hakuna aliyewaambia. Wote, hata Dutilh. Walisimama kwa ajili ya mtu wa benchi.

Kama ningekuwa na mkia ningeutandaza wote kama tausi.

Jumamosi, 6 Juni. Chumba cha kubadilishia nguo

Mapumziko. Montrebel 14, sisi 13. Wametoka kurudi uwanjani sasa hivi. Nimebadilisha jezi tatu zilizochanika, nimeokota meno ya bandia ya mtu, sijui ya nani. Zviad anarusha vizuri! Sita kati ya saba. Peyo hajaingia. Yuko benchi, anawapigia kelele wenzake.

Baadaye. Naandika mbio, mwandiko mbaya.

Zviad amepasuka juu ya jicho. Dakika ya sitini. Damu mpaka kiunoni. Sheria ni kali: anayevuja damu anatoka, anashonwa, na harudi na jezi yenye tone hata moja. Ana dakika kumi na tano. Zikipita, aliyeingia badala yake anabaki hadi mwisho.

Aliyeingia ni Peyo. Nilisikia jina lake kwenye kipaza sauti.

Daktari alishona hapahapa, nyuzi tisa. Nje tunapata mpira, tunasukuma, nasikia watu wetu wanapaza sauti kila Peyo akirusha. Kipaza sauti kikatangaza: Montrebel 20, Castelnave 19. Pointi moja! Daktari akakata uzi, akatazama saa: zimebaki dakika tatu, jezi iko wapi?

Jezi ya akiba namba mbili iko chini kabisa ya sanduku la pili. Mimi peke yangu ndiye nijuaye. Ningesema siioni. Ningepekua polepole, mama mtu mzima, macho hayaoni. Dakika tatu tu! Nani angenilaumu? Mungu anisamehe, mkono ulisimama juu ya kifuniko.

Na Zviad, na jicho lake moja lililofumba, akaninong'oneza: "Mama, usiharakishe. Mwache amalize yeye."

Ndipo nikakasirika. Nikamwambia Peyo hajawahi kuombewa nafasi na mtu yeyote, wala hataanza leo kwa sababu ya mama yake. Inua mikono! Nikamvua ile ya damu, nikamvika safi kama mtoto wa chekechea, nikamfuta shingo, nikampiga kofi la mgongo. Kimbia! Akakimbia. Daktari naye nyuma yake. Katika zile kumi na tano ilibaki dakika moja na kitu. Kama kocha atambadilisha au hatambadilisha, ni kazi ya kocha.

Niko peke yangu. Nimekaa juu ya sanduku, sithubutu kutoka nje. Jezi ya damu iko mapajani, sijailoweka, na damu isipolowekwa mapema haitoki. Bado dakika tano mechi iishe, kwa saa ya ukutani.

Sasa jukwaa letu lote limeanza kuimba. Jina moja. Peyo! Peyo! Peyo! Ukuta unatetemeka, vikombe vinagongana mezani. Mtu huimbiwa hivyo akiwa anatoka mara ya mwisho. Huimbiwa hivyo pia akiwa amesimama pembeni ameshika mpira, karibu na mstari wa Montrebel, na yeye ndiye wa kurusha.

Sijui ni lipi kati ya hayo. Waimbe tu. Aliyemzaa ni mimi, na jina hilo nililitoa mimi.