Bei ya Msitu wa Kinole

Mwinjuma, nimetoka bomani sasa hivi, nakuandikia nyuma ya karatasi yao. Msitu wa juu ya Kinole umeuzwa. Umeuzwa!

Mimi karani ndiye niliyewasomea wazee hati: mipaka, jina la Mdachi mnunuzi, basi. Bei niliamriwa niiruke.

Mjomba Kibwana akasimama. “Bei gani?” Bwana mkubwa akajibu kwamba serikali haiulizwi bei ya mali yake. Mali yake! Makaburi yetu yamo mle!

Tena akasema mjomba alikwisha kukubali, maana alipokea jogoo na kaniki za mnunuzi. Mjomba akacheka, akidhani mzaha. “Ile ni ngoto, zawadi ya kuomba kulima msimu mmoja. Nani anauza msitu kwa jogoo?” Hakuna aliyecheka naye.

Akanigeukia mimi, mtoto wa dada yake, mrithi wa ardhi ileile. “Wewe unajua kusoma. Bei imo humo?”

Nikasema haimo.

Haimo, Mwinjuma! Na jana bei niliiandika humo kwa mkono wangu huu.

Akanishukuru. Mbele ya watu wote, mjomba akanishukuru.