Mfalme wa Korea na Muhuri Wangu

Matrah, Maskati

Kwa shemegi yangu, Bi Zuwena,

Pokea salamu nyingi kuliko mawe ya huku, na huku mawe ndiyo kila kitu. Hujambo? Na goti lako je? Wanao wote wazima? Mimi sijambo, alhamdulillahi. Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Karani Nasoro, kijana wa kwetu Unguja, kataka kuniandikia, nikamwambia niondokee, mimi nshashika kalamu babako hajaoa. Herufi zikienda upande, wewe zifuate tu.

Nalinda ghala la mchele la tajiri mmoja. Mwenyewe anasema hajapata mlinzi kama mimi, na ni kweli. Mwezi uliopita akaniletea mgonjwa nimtunze, Mkorea, fundi wa mitambo, homa imemwangusha na meli yake ishaondoka. Nikamnywesha uji wa pilipili manga mpaka akasimama. Husema Kiingereza, Nasoro akitufasiria.

Siku moja baada ya alasiri nikamwonesha muhuri wangu wa usheha, nlokuja nao kibindoni. Nikamwambia, mtaa mzima haukohoi bila ya huu. Akasema kwao zamani palikuwa na mfalme mwenye muhuri mkubwa kuliko huo. Majemadari walimtoa kaka yake kwenye kiti, wakamweka yeye. Baadae wakamuua yule kaka, wakamvunja mgongo, wakamtupa ziwani. Mfalme kimya. Kila karatasi waloileta akaigonga muhuri, miaka ishirini na kitu, majemadari wakiuana wao kwa wao, mpaka wa mwisho wao akamchoka, akampandisha farasi akamtoa nje ya mji.

Nikacheka. "Mfalme gani huyo! Ningekuwa mimi, muhuri ningeuvunja mbele ya macho yao!"

Nasoro akafasiri. Mkorea akaugeuzageuza muhuri wangu, akasema neno.

"Kasemaje?"

"Mzee, tuyaache."

"Sema, mwana we!"

"Anauliza, huu mbona mzima?"

Nikamtupia mto, nikawafukuza wote wawili. Lakini sijalala vyema tangu siku hiyo, na sasa ntakwambia.

Shemegi, mumeo Seif yuko na mimi huku. Nikisimama kwenye safu msikitini, kuliani kwangu kuna baridi, hata jua likiwaka la kuchemsha maji. Watu wanajisogeza, pale hapajai. Sigeuzi shingo. Namjua anavyovuta pumzi.

Kila barua unaniuliza kama nimesikia habari zake. Kila barua nakujibu sijui. Na sasa umeniandikia kuwa binamu yako kakuposa tena, nawe umemrudisha kwa kuwa ni mke wa mtu.

Zile siku za mapinduzi, watu wa bunduki walipomtoa Seif usheha, waliniweka mimi. Nikafurahi, nakwambia kweli. Kaka alikuwa mkubwa siku zote. Siku ya tatu wakaleta karatasi yenye majina. Kusoma kwangu unakujua, lakini jina la Seif nalijua hata nikifumba macho. Nikalipitishia kidole. Nikagonga muhuri. Hakuna alonishika mkono.

Adhuhuri yake niliwaona watu wa bunduki na maiti zao shambani nyuma ya kisima cha Fuoni. Nilimjua kaka kwa lile shati la michirizi ulilomtia kiraka begani. Alikuwa keshakufa. Wakamtia shimoni na wenzake, hakukoshwa, hakusaliwa. Mimi nimesimama nyuma ya mnazi, sheha mzima.

Basi barua hii mpelekee kadhi. Mwambie mimi nimeshuhudia kwa macho yangu, na eda yako yeye ndiye atakayesema ihesabiwe vipi. Najua shahidi mmoja hatoshi. Yule mkwezi wa Fuoni mwenye jicho moja ndiye alolazimishwa kuchimba. Anaogopa kama nilivyoogopa mimi. Mwambie nimesema mwanzo, jina langu liko juu ya karatasi, sasa aseme na yeye.

Ukitaka kunilaani, nilaani. Ukitaka kuolewa, olewa, na huyo binamu si mtu mbaya, ila anakoroma.

Nisalimie mama yangu, mkweo, na somo yako wa jirani, na mwanangu wa kike, mwambie ale vizuri. Jana baada ya Ijumaa nimemsalia kaka sala ya ghaibu. Imamu kaniuliza jina la maiti, nikalitaja kwa sauti, watu wote wakasikia.

Ni mimi Khamisi, mdogo wake marehemu Seif.