Lita Nane Hadi Tenke

Mulumba, ndugu yangu,

Ulitutoka mvua zikianza, na sasa zimekatika. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nina aibu ya kukuambia kabla sijafika kwenye habari ya mke wako, mama Ntumba, na watoto, na lile gari lako, Pejo 404.

Tangu tukuzike, Kolwezi imegeuka. Wenyeji, watu wa kwetu, walianza kwa maneno: nyinyi watu wa Kasai mmejaza kazi zote, mrudi kwenu. Kwenu wapi? Wewe ulizaliwa hapa, baba yako aliletwa na Wazungu kuchimba shaba. Kisha maneno yakawa mawe na moto. Asubuhi moja, pale kwenye gereji ya mgodi, walisoma majina ya wasiotakiwa tena kazini. Walikuwa watu tuliokula nao fufu kila siku saa sita. Mimi nilisimama na spana mkononi, nikatazama chini kama mtu aliyeangusha kitu. Sikusema neno, Mulumba. Hata moja.

Wiki ile ile mama Ntumba alikuja kwangu na watoto watatu. Madirisha yenu yalikuwa yamevunjwa. Hakutaka kwenda stesheni ya hapa, ambako watu wamelala nje majuma mengi wakingoja treni, na kila asubuhi wanabeba mtoto kwenda kumzika. Kaka yake, yule wa stesheni ya Tenke, naye alikuwa amefukuzwa, lakini alikuwa amepata nafasi katika behewa litakaloondoka Jumapili alasiri. Ilibaki kufika Tenke. Gari lilikuwapo, nyuma ya nyumba yako. Esanse ya kutia ndani haikuwapo mji mzima. Nilinyonya kwa mpira ile iliyokuwa ndani ya pikipiki yangu na ya shemeji yangu, nikapata lita nane.

Lita nane, watu watano, mizigo juu. Hesabu hiyo unaijua kuliko mimi. Gari lile lingekuwa kama lilivyotoka kiwandani, tungeishia porini.

Nilikucheka sana ulipoleta ile buate ya vitesi, sanduku la gia tano, kutoka kwenye Pejo 505 iliyopinduka njia ya Likasi. Gari lako lilikuwa na vitesi nne tu. Likifika tisini kwenye lami, motere ililia mpaka tukashindwa kusikilizana. Ukaniambia, "Magurudumu yazunguke vile vile, ila motere itulie. Ile makelele yote njo esanse inapotea." Majuma matatu tulilala chini ya gari. Tulikata shafti, tukaichomea, ikatetemeka, tukaikata tena. Tulitoboa sakafu kupitisha mkono wa vitesi, vumbi jekundu likatujaa machoni, ukaziba tundu kwa kipande cha mkanda wa mpira wa mgodini. Siku ya kujaribu ulitia vitesi ya tano, sauti ikashuka ghafla, nikadhani motere imezimika. Ulicheka hadi ukapiga usukani. Ukanifundisha na sharti lake: kwenye mlima usiilazimishe, itachoka na kunywa zaidi. "Sikiliza," ulisema, "usiangalie mshale."

Tuliondoka Jumapili saa ya misa, mtaa wetu wa Manika ukiwa kimya. Mama Ntumba alikaa mbele, amejifunga kitambaa kama wanawake wa kwetu. Tulikuwa tumekubaliana asiseme kitu, maana Kiswahili chake kina Kiluba cha Kasai ndani, na anayemsikia hakosi kumtambua.

Hatukuwa tumekwenda mbali tulipokuta gogo barabarani. Vijana kama kumi, wana mapanga. Sikuzima motere. Niliogopa isiwake tena, na papo hapo nilisikia kila tone likiondoka. Mmoja aliinama dirishani, ananuka pombe ya lotoko.

"Hawa ni banani?"

Nilimwambia ni mke wangu na watoto wangu, tunaenda kwenye kilio Fungurume. Alimtazama mama Ntumba muda mrefu. Yeye aliinamisha kichwa kama mtu mwenye msiba, na msiba alikuwa nao kweli. Kijana akageukia nyuma, akamwelekezea Ntumba ncha ya panga.

"Weye, mutoto. Baba yako anaitwa nani?"

Nilifungua mdomo, akanikataza. Mulumba, mtoto wako ana miaka tisa. Hatukuwa tumemfundisha la kujibu. Hilo tulilisahau, sisi watu wazima wawili. Alinitazama mimi, si mama yake.

"Ngoy," akasema, jina langu, la watu wa kwetu, akinionyesha kwa kidole. "Njo uyu."

Walisogeza gogo.

Nilipotia vitesi ya tano, motere ikatulia, na ndani ya utulivu ule nikamsikia Ntumba analia. Alisema, "Nimemukana papa." Alirudia. Mama yake, aliyekuwa amenyamaza tangu asubuhi, aligeuka akamwambia maneno mengi kwa lugha yenu. Sikuelewa kitu isipokuwa jina lako. Alilitaja mara nyingi.

Niliendesha sitini, sabini, sikuzidi. Kwenye miinuko nilirudi ya nne kabla motere haijachoka, kwenye miteremko niliacha gari lijiendee. Mshale wa esanse ulilala kwenye sifuri zamani. Sikuutazama, au niseme nilijaribu. Nyumba za kwanza za Tenke zilipoonekana, gari lilikohoa mara mbili, likasimama. Tulilisukuma njia iliyobaki, mama Ntumba pia, watoto pia, mpaka shemeji yako akaja mbio na wenzake.

Behewa lilikuwa la kubebea mawe ya shaba, wazi juu. Kabla ya kupanda, mama Ntumba alinishika mkono. Alisema, "Tata Ngoy, namwacha mume wangu bila hata msalaba wenye jina. Usikubali waseme pale hamna mtu."

Gari lako nililiacha nyuma ya nyumba ya padri pale Tenke. Mimi nilirudi juu ya lori la makaa. Wamefika Mwene-Ditu, kule Kasai, mfanyakazi wa treni aliniletea habari. Safari iliwachukua wiki tatu. Mtoto wako mdogo aliugua surua njiani, akapona. Wengi wa behewa lile hawakupona. Nyumbani kwako anaishi mtu nisiyemjua.

Makaburini wameng'oa misalaba yenye majina ya Kasai. Mke wangu ananisihi ningoje, na hofu yake naielewa. Lakini nimekata bati nene, nimelichonga herufi kwa tindo jioni tatu: jina lako lote, na la baba yako, na kijiji alichotoka. Jumamosi nitalisimamisha, mchana, watu wakipita. Nitalichomea kwenye kipande cha reli na kukizika futi tatu chini. Wakiling'oa nitakata lingine.

Lala, ndugu yangu. Ntumba atarudi siku moja kukutafuta. Nakuahidi, atakuta pa kusoma jina la baba yake.

Ngoy