Mchezo wa Sella na Ukuta wa Bati

Awiti uko? Nimetoka kwa Sella sasa hivi, lazima nikuambie.

Si unajua ndiye hutengeneza ile drama yetu ya TV? Alianzia mtaa wa mabanda wa Lindi, 1983, kwa ploti ya vyumba vya kupanga. Ukuta kati yake na jirani ulikuwa bati tu, na sheria ya ploti ni moja: ya jirani ukisikia, hukusikia.

Yeye akayatia kwa mchezo wa kanisa! Matusi yote ya bwana wa Filister, jirani yake, neno kwa neno.

Katikati ya mchezo Filister akasimama. Awiti, AKASIMAMA. Sella akajua leo ni leo.

Filister akamuuliza polepole, "Sasa huyo bwana atarudi?"

Kumbe bwana yake mwenyewe alikuwa amebeba nguo zake asubuhi hiyo akaenda. Na Sella hakuwa ameandika mwisho wa mchezo.