Mabomba Mapya ya Masalu

Bariadi,
Jumatano asubuhi, mwezi wa Rozari

Mdogo wangu mpendwa Method,

Asifiwe Mungu Baba aliyetuumba, na Mwanawe aliyetukomboa, na Roho wake anayetukumbusha hata yale tunayotamani kuyasahau. Mwangaluka, ndugu yangu. Ninatumaini barua hii inakukuta mzima huko Mwanza pamoja na shemeji Anna, na kwamba goti lako limepata nafuu tangu ulipobadilishiwa dawa. Sisi tu wazima. Mke wangu Nyanjige anakusalimu, na anauliza kama shemeji bado anakumbuka kile kitenge alichomwahidi. Mvua ya kwanza imenyesha, mashamba yanasafishwa. Pamba safi tuliiuza yote. Ile fifi, yenye madoa, ambayo wanunuzi waliikataa, nimeacha gunia moja barazani ili Nyanjige aitoe mbegu polepole na kujazia mito.

Utashangaa kwa nini ninaandika ilhali simu ninayo. Simu ina haraka, nawe tangu utotoni una tabia ya kunikatiza. Jambo hili lataka msikilizaji asiyeweza kunijibu mpaka nimalize.

Linamhusu mwanao Masalu. Alipokuja kutoka Dar es Salaam kujiandaa kwenda kujitambulisha ukweni, kule Zagayu, kwa wazazi wa yule binti Winnie, nilimpokea kwa furaha na nikampa chumba kile cha mashariki. Alikuja na gari jekundu la milango miwili, lililo chini kiasi kwamba nikitaka kuingia nahitaji mtu mmoja wa kunishika mkono, na nikitaka kutoka nahitaji wawili. Hilo nililivumilia. Kumbe gari hilo, jinsi lilivyotengenezwa na watu waliosomea kazi yao, halikumtosha. Alikuwa ameagiza mabomba ya ekzosi kutoka ng'ambo, manne, yaliyopindwa kama utumbo wa mbuzi na kukutana mwisho wake kuwa moja. Anayaita heda. Alinieleza kwamba moshi ukitoka kwa wepesi injini hupumua vizuri na gari hupata nguvu. Nilimuuliza nguvu hizo ni za kwenda wapi, kwa kuwa kutoka hapa mpaka Zagayu kuna mashimo, ng'ombe, na watoto wa shule. 

Kazi hiyo akataka ifanyike uani kwangu, akisema gereji vifaa huibwa. Fundi alikuwa Muksini, mtoto wa yule mzee aliyekuwa na duka la vitambaa pale sokoni. Wewe unamfahamu: kijana wa swala tano, mpole, mwenye mikono ambayo mji mzima unaiamini. Kwa siku tatu alifanya kazi kwangu. Boliti zilizoshika kutu alizilowesha mafuta tangu asubuhi na kuzisubiri kama mtu anayemsubiri mgonjwa. Moja ilipokatikia ndani aliitoboa taratibu mpaka ikatoka, bila neno baya kinywani. Wakati wa kupumzika aliketi juu ya lile gunia la pamba na kunywa uji wa Nyanjige. Lile bomba la zamani, zito, la chuma, alilifuta na kuniachia nilihifadhi, akisema huenda siku moja Masalu akakua.

Sitaki kumnyima mtu haki yake: kazi ilikuwa nzuri. Lakini sauti, ndugu yangu! Alhamisi jioni jumuiya ilikuwa imekusanyika uani kwa Rozari. Tulikuwa katika tendo la tatu la mwanga Masalu alipoliwasha gari. Mama mmoja aliangusha rozari yake. Kuku walipanda paa. Tulipotulia tulikuwa tumesahau tumefika Salamu Maria ya ngapi, na tukaanza upya. Nilipomwita na kumwonya, alitabasamu na kusema, "Baba Mkubwa, hii siyo kelele, hii ni sauti ya gari." Nikamkumbusha kwamba mkwe haingii ukweni akinguruma; mama mkwe husubiriwa kwa kichwa kilichoinama, na asiyejua hilo akamuulize baba yake. Akasema nyakati zimebadilika. Ijumaa jioni, tukiwa katika Rozari, aliliwasha tena.

Jumamosi asubuhi, siku yenyewe ya safari, alitoka na suti. Zawadi zilikuwa zimepangwa kitini. Akawasha. Gari likakohoa, likatetemeka, likazimika. Akawasha tena, likazimika tena. Alifunua boneti, na majirani wote wakainamia yale mabomba mapya kama madaktari. Mwisho wake alikwenda Zagayu kwa bodaboda, suti nyeusi ikageuka rangi ya barabara. Huko walimpokea vizuri sana. Winnie alinipigia simu na kuniambia kwamba mama yake alimsifu kwa unyenyekevu.

Sifa hiyo haikumfikia moyoni. Jumapili baada ya Misa alimleta Muksini barazani kwangu mbele ya majirani, akamkataza kuligusa gari, na kusema kwamba atawatangazia wenye magari wote wa Bariadi kwamba fundi huyu ameharibu injini. Method, mtu yule ana mke na watoto wawili, na hana shamba. Jina lake ndilo shamba lake. Muksini alisema kwamba kazi yake aliifanya kwa haki, akaomba tu aruhusiwe kulikagua gari lote, mbele na nyuma. Masalu alikataa. Ndipo wote wakanigeukia mimi niamue, kwa kuwa nimewafundisha watu katekisimu kwa miaka thelathini na minne na hakuna aliyewahi kusikia nikisema uongo.

Niliamua. Nilisema fundi airudie kazi, na kwa ajili ya amani amwombe kijana radhi. Muksini aliinuka. Kisha akamwomba Masalu radhi, yeye aliye mkubwa kwake kwa miaka kumi, na watu wakaondoka wakisifu busara yangu. Alibaki peke yake na gari. Kabla ya adhuhuri lilinguruma kama zamani. Alimwambia mwanao kwamba ni uchafu tu ulioziba njia.

Sasa, ndugu yangu, nifikie lile lililonifanya nichukue kalamu.

Ijumaa ile baada ya Rozari, Masalu alipokwenda kunyoa, nilichota pamba fifi kutoka katika lile gunia nikaijaza katika bomba la nyuma la gari lake. Niliwaza kama mkulima: mtu akichoshwa na kelele huweka pamba sikioni, nayo sauti hupungua bila sikio kufa. Niliamini gari litakwenda, ila kwa adabu. Lakini mbele za Mungu siwezi kuishia hapo. Nilichukua mpini wa jembe nikaisukuma mpaka ndani, nikaongeza, nikasukuma tena, na mikono yangu haikuwa na adabu yoyote. Jumapili nilipoketi kuhukumu, nilikwisha kujua. Nilimwacha asiye na hatia aombe radhi kwa kosa langu, kwa kuwa niliona haya mbele ya majirani.

Juzi asubuhi Muksini alinijia. Alinipa kifurushi cha gazeti na kusema, "Mwalimu, hii ni ya nyumbani kwako. Sikutaka kijana aione." Ndani ilikuwa pamba, nyeusi kwa moshi, mbegu zikiwa bado ndani yake. Aliitambua mara tu alipoivuta, kwa kuwa alikuwa ameikalia siku tatu. Nikalifunga tena gazeti. Akaniuliza habari ya mgongo wangu, akaniaga, akaenda kazini.

Pamba hiyo iko mezani mbele yangu ninapoandika. Padre nimekwisha kumwendea, lakini nilitenda kosa mbele ya watu, na mbele ya watu litatoka. Jumamosi jioni jumuiya itakusanyika kwangu tena. Masalu atakuwepo, na Muksini nimemwalika. Amekubali kwa sharti kwamba nisiseme kwa muda mrefu, maana ana gari la mtu linalomsubiri. Nitakishika kifurushi hiki mkononi na kusema. Nakuomba upande basi uje, siyo kunitetea, bali kuketi karibu na mwanao, kwa maana akicheka ana haki, na akikasirika ana haki zaidi. Kuhusu kuwasha gari wakati wa sala bado ninamdai adabu, na hilo nitalisema siku nyingine, nikishapata tena uso wa kulisemea.

Mwenyezi Mungu akulinde wewe na shemeji Anna, aliguse goti lako kwa mkono wake, aijalie nyumba yako mkate, usingizi na ukweli, na kila aingiaye mlangoni mwako aingie kwa amani na atoke nayo.

Ni mimi kaka yako,
Januarius Masele