Kamba Mbili Juu

Bukima, 3 Agosti 1987

Mwanangu Ursula,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi wazima, sijui wewe na masomo. Mimi silali. Wapimaji wamekuja kutanua barabara, wameacha karatasi. Barabara ni y = 2x + 1, kila kipimo kimoja ni mita kumi, kuhesabu kunaanzia mdomo wa kalvati, pembeni mwa barabara. Mpaka mpya utakwenda sambamba nayo, upite kwenye kigingi chao. Kilicho katikati greda litasawazisha Jumatatu tarehe 24.

Nimepima kwa kamba ya mita kumi. Kutoka kalvati, kigingi ni kamba mbili juu, moja kando. Kaburi la mama yako ni kamba mbili juu, tatu kando. Wewe ndiye unasomaga hizo hesabu. Mama yuko ndani au nje? Naogopa, mwanangu.

Baba yako,
Magesa

Musoma, 9 Agosti 1987

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila barua yako imeninyima chakula. Sikiliza. Mistari sambamba ina gredienti moja, yaani mwinuko sawa, kwa hiyo wa mpaka nao ni 2. Kigingi ni x = 1, y = 2. Basi 2 = 2(1) + c, c ni 0. Mpaka ni y = 2x. Kaburini x ni 3, mpaka unapita kwenye 6, mama yuko kwenye 2. Yuko nje, mbali kabisa. Usimguse.

Mwanao,
Ursula

Musoma, 17 Agosti 1987

Baba,

Shikamoo. Sijui hata kama u mzima. Leo mwalimu kauliza kwenye ramani ziwa letu liko wapi. Nikajibu, "Chini." Darasa zima likacheka. Liko kushoto, magharibi!

Baba, sisi tukisema juu ni kuliacha ziwa, mashariki. Kwenye karatasi juu ni kaskazini, ndiko kando yako. Nilizigeuza namba zako zote. Kigingi ni x = 2, y = 1. Basi 1 = 4 + c, c ni –3. Mpaka ni y = 2x – 3. Kaburini x ni 2: mpaka uko 1, barabara iko 5, mama yuko 3.

Yuko katikati. Mhamishe, Baba. Nampa Danford wa lori la dagaa barua hii.

Mwanao,
Ursula

Musoma, 22 Agosti 1987

Baba,

Shikamoo. Umepata barua? Wanasema lori la Danford limekwama Bunda, spea hakuna. Hii naipeleka posta. Mama yuko ndani! Nijibu hata neno moja.

Ursula

Bukima, 26 Agosti 1987

Mwanangu Ursula,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima. Barua zako mbili zimefika leo pamoja. Greda limepita juzi.

Uliposema yuko nje nilifurahi. Halafu nikaenda kigingini, nikanyoosha kamba mpaka barabarani, nikaikata hapo hapo. Nikatembea nayo, ncha moja barabarani, bila kuiacha ilegee. Kufika kwa mama yako, nikamkuta ndani. Nilirudia mara tatu. Sikukuandikia, mtihani wako uko karibu, niliogopa kukuvunja moyo.

Jumamosi mimi, baba yako mdogo Werema na katekista tukamhamisha. Ukija likizo usiende pale ulipozoea, ni barabara sasa. Yuko kamba sita juu. Juu ile ya kwetu, si ya karatasi.

Watu wananiulizaga nani alinipigia hesabu. Nawaambia ni Ursula.

Baba yako,
Magesa