Tshukudu yangu yapanda Mushaki

Ijumaa. Mvua imenyesha tangu asubuhi, Kitshanga yote ni matope, viatu vyangu havitamaniki, na mimi natembea nikicheka peke yangu.

Nimefaulu!

Ngoja niandike kwa utaratibu. Mwaka huu chuoni hapa Kitshanga tuna kozi ya kutengeneza michezo ya kompyuta, na kila mwanafunzi lazima aonyeshe mchezo wake mbele ya jury, walimu wanaotoa alama. Asiyepita anarudia mwaka. Mchezo wangu ni wa tshukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali: unaisukuma na gunia la chumvi kutoka Sake, unapanda kilima mpaka Mushaki kabla soko halijafungwa.

Mwezi uliopita niliupeleka nyumbani Mushaki ili watu waujaribu. Mama yangu anauza fromaji, yaani jibini, kando ya barabara, basi nikaanza na yeye. Alishika vitufe upesi, akaenda vizuri, kisha akasimama ghafla mbele ya mwanamke mwenye kikapu. Mimi nilikuwa nimemchora yule mwanamke ili mchezaji amkwepe tu.

"Mama, pita! Saa inaisha!"

"Nitamupita aje, na sijamusalimia?"

Soko likafungwa, Mama akashindwa. Wakaja majirani, nao wakasimama palepale. Mmoja akaniuliza kitufe cha salamu kiko wapi. Nilikasirika kweli. Nilijiambia hawa watu hawajui kucheza.

Profesa wetu, mtu wa mjini mwenye haraka hata akinywa chai, aliona mchezo unakwama akaniamuru niwaondoe watu wote barabarani. La sivyo, nisitegemee kupita.

Nikaanza kuwafuta. Mwanamke wa kikapu, mzee mwenye ng'ombe, wanafunzi, wote. Ikabaki barabara yenyewe na majani pande mbili.

Barabara tupu kwetu tunaijua. Ni ile ya siku watu wamekimbia vita.

Nililia kidogo, sitaficha. Halafu nikawarudisha wote, mmoja mmoja, na nikaongeza kitufe cha salamu. Sasa kila unayemsalimia anaweka mzigo wake chini na kuja kukusukumia ukifika kilimani. Usiposalimia, sukuma peke yako, tuone. Sikumwambia Profesa. Nilijua naweza kurudia mwaka mzima kwa ubishi huo.

Leo, mbele ya jury, Profesa akaichukua laptop yeye mwenyewe. Alipoona watu bado wapo, alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Akaisukuma tshukudu mbio. Akampita mwanamke wa kikapu, akampita mzee, akawapita wanafunzi. Kilimani tshukudu ikapunguza mwendo, ikasimama, ikaanza kurudi nyuma na chumvi yake.

Darasa zima likalipuka: "Salimia batu, Profesa! Salimia kwanza!"

Akajaribu tena. Safari hii alimsalimia kila mtu, na kwa pupa yake akamsalimia hata ng'ombe. Tulicheka mpaka mwanajury mmoja akavua miwani kufuta machozi. Lakini kilimani wote walikuja, mwanamke, mzee na wanafunzi, wakaishika tshukudu na kuisukuma mpaka sokoni. Profesa alinyanyua mikono juu. Akauomba mchezo mara ya tatu, na wenzake wa jury wakamwambia asubiri zamu yake.

Distinction, alama za juu! Mimi, mtoto wa muuza fromaji!

Nilitoka mbio kwenye mvua, nikampigia Mama. Alipopokea tu nikapiga kelele, "Nimepita! Mama, nimepita!"

Kimya. Nikadhani mtandao umekatika. Kisha nikamsikia anapumua, anangoja, na nikaelewa.

"Jambo, Mama."

"Jambo sana, mutoto yangu. Sasa sema."

Nikasema. Akapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza, na nyuma yake nikasikia wauzaji wenzake wakiitikia kabla hata hawajaambiwa kuna nini.

Kesho namfundisha yule ng'ombe kujibu.